Kompyuta Mpya Inavuma na Kuchemka: Tufungue Tuone

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo kabla sijasema neno, naomba mvae hedifoni mnisikilizie hapa.

Mmeisikia? Ziii, ziii, ziii. Ninachofanya ni kusogeza kipanya tu. Nikikiachia, kimya, nikikisogeza, inaanza upya, kama nzi aliyefungiwa ndani ya waya. Kompyuta hii nimeiunga mwenyewe, kila kifaa kipya, na siku ya kwanza tu imenipa matatizo mawili: kelele kwenye sauti, na prosesa inayofika nyuzi 100 kabla hata dakika moja haijaisha. Kwa hiyo nachambua vitu vitatu: kipoza cha prosesa, kadi ndogo ya sauti ya USB, na kitenganishi, hiki kidude kinachokaa katikati ya waya wa sauti. Kimoja kati ya hivyo sikupaswa kukinunua.

Naanza na joto kwa sababu ndilo lililonitisha. Prosesa ni Core i7-13700K, inakaa kwenye soketi (tundu lake kwenye ubao mama) iitwayo LGA1700. Huku nimefungua HWiNFO, programu inayoonyesha joto, huku nawasha Cinebench, programu inayoitwisha prosesa kazi nzito na kuipa alama. Fuata namba na mimi: 38, 74, 93, 100. Ikigonga 100 haizimi, inajipunguzia kasi yenyewe isije ikaungua. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mwaka mzima na mashine yenye nguvu inayokwenda kwa kujivuta na asigundue, akadhani ndivyo ilivyo.

Sasa fanya jambo moja ambalo halihitaji programu yoyote. Weka kidole kwenye mapezi ya kipoza, mbali na feni. Ya kwangu ni vuguvugu. Prosesa ina nyuzi 100, kipoza kimepoa! Maana yake joto halivuki kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kingekuwa cha moto, ningeanza kushuku hewa: feni za mbele zinavuta au zinasukuma, ya nyuma inatoa au nayo inaingiza. Lakini kipoza kilichopoa kinakwambia moja kwa moja kwamba shida iko pale vinapogusana.

Nikakifungua. Ngoja nisogeze kamera. Tazama pesti hii ya kupitisha joto: katikati imebaki nene, haijabanwa, na upande huu shaba inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Kipoza hakikuwa kimekaa, kilikuwa kinaelea. Na chanzo ni hizi nguzo fupi za chuma. Kwenye boksi kuna seti mbili, moja ya soketi za zamani na moja ya LGA1700. Nikizilaza mezani moja moja, huwezi kuzitofautisha. Nikizisimamisha pamoja, unaona? Hii imeizidi mwenzake kidogo tu, kama unene wa ukucha. Intel walipoleta LGA1700 mwaka 2021, matundu ya kufungia kipoza yalitanuka kutoka milimita 75 hadi 78, na prosesa yenyewe ikakaa chini zaidi kuliko zile za LGA1200, soketi iliyotangulia. Ukifunga nguzo ndefu, skrubu inafika mwisho, mkono unahisi imekaza kabisa, kumbe mgandamizo haupo. Mimi nilifunga ndefu, zile za soketi za zamani.

Nikafuta pesti yote kwa spiriti, nikabadili nguzo, nikaweka tone la ukubwa wa njegere, nikakaza kwa kupokezana: mizunguko miwili huku, miwili kwenye skrubu ya mkabala, hivyo hivyo hadi mwisho. Usimalize upande mmoja kwanza, utakiinamisha. Safari hii joto likapanda taratibu, dakika baada ya dakika, likasimama 96. Na kipoza kikawa cha moto. Nilifurahi kukigusa nikaondoa mkono haraka, maana sasa kinafanya kazi yake.

Lakini 96 bado ni nyingi, na hapo kipoza hakina kosa. Ingia BIOS, ile menyu ya ubao mama unayoifungua kompyuta inapowaka, tafuta kikomo cha umeme. Prosesa hii imeandikwa wati 125 za msingi, na kilele ambacho Intel wenyewe wamekiweka ni wati 253. Ubao mama wangu ulikuwa umejiwekea 4096. Yaani hakuna kikomo. Nikashusha hadi 180, joto likawa 79, alama za Cinebench zikapungua kidogo sana, na kwenye kazi zangu za kila siku sioni tofauti. Feni nazo zikatulia zenyewe. Ukiwa humo humo BIOS, hakikisha umeisasisha: kwenye kizazi cha 13 na cha 14, Intel walikiri mwaka 2024 tatizo la volti lililokuwa linachosha prosesa, na marekebisho yakatoka kupitia BIOS. Usilicheleweshe hili hata kwa wiki moja.

Wenye Ryzen 7000, prosesa za AMD, msishtuke mkiona 95 kwenye kazi nzito. AMD wamezitengeneza zifanye kazi hadi hapo.

Hukumu yangu kuhusu kipoza: chuma kizuri, feni tulivu, lakini mtengenezaji angeweka hata rangi mbili tofauti kwenye zile nguzo angewaokoa watu wengi.

Sasa sauti. Hapa watu wanapoteza pesa kwa sababu kila kelele wanaiita kelele, wakati zile kuu ni tatu, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza ni ile ya kipanya. Hedifoni nilikuwa nimechomeka mbele ya kasha. Fuata waya wake kwa macho: unatoka pale mbele, unashuka, unapita chini ya kadi ya picha, unakwenda kuchomekwa kwenye kona ya chini kabisa ya ubao mama. Ni waya mwembamba, hauna kinga ya maana, na umelala pembeni ya kifaa kinachovuta umeme mwingi kuliko vyote humo ndani. Unaokota kila kitu. Nikahamishia hedifoni nyuma, kwenye tundu la kijani la ubao mama. Sikilizeni, kipanya hiki nakizungusha. Kimya. Kadi ya USB nilikuwa nimeshainunua tayari, na ni kweli nayo iliiondoa kelele hiyo, lakini tundu la nyuma limefanya kazi ileile bure. Kama tundu lako la nyuma nalo linalia, hapo kadi ya USB ina sababu ya kununuliwa.

Ya pili ni mvumo mzito kwenye spika, mmmmm, usiobadilika ukifanya lolote. Chomoa waya wa sauti kwenye kompyuta, uache spika zikiwa zimewashwa. Ukikatika, jaribu laptopu inayotumia betri: haivumi. Chomeka chaja yake yenye pini ya ethi, yaani ile inayopeleka umeme ardhini: inavuma. Basi ni mzunguko wa ethi, vifaa viwili vinavyofika ardhini kwa njia mbili, na waya wa sauti umeziunganisha. Nilihamisha spika na kompyuta kwenye ekstensheni moja, mvumo ukapungua sana. Kadi ya USB haikusaidia chochote hapa, kwa sababu waya wa USB nao unabeba ethi. Kitenganishi ndicho kilichoumaliza, kwa kuwa ndani yake kuna transfoma ndogo: sauti inavuka kwa sumaku, shaba haigusani. Besi ya chini kabisa imepungua kidogo, nimeisikia, lakini naikubali. Kama spika zako zina tundu la optiki, tumia hilo, maana mwanga haubebi ethi.

Na hapa nawasihi. Kuna watu wanashauri kukata ule mguu wa ethi kwenye plagi ili mvumo uishe. Utaisha kweli. Lakini siku pawa saplai ikipata hitilafu, kasha zima linakuwa na umeme, na mkono wako ndio utakaokuwa ethi. Usikate. Ukimwona mwenzako anataka kukata, mzuie.

Kuna pia mipasuko ya hapa na pale, tap, tap, ukiwa unasikiliza muziki. Mara nyingi hiyo ni draiva, programu inayoendesha kifaa, hasa ya Wi-Fi. Endesha programu ya LatencyMon, itakutajia jina la draiva hiyo, uisasishe.

Ya tatu haiko kwenye sauti kabisa. Vua hedifoni, zima spika. Bado unasikia mlio mwembamba? Hizo ni koili za kadi ya picha zinazotetemeka umeme ukipita. Ya kwangu inalia zaidi kwenye menyu ya mchezo, fremu (picha zinazochorwa) zikiwa mia saba kwa sekunde. Nimeziwekea kikomo cha 120, mlio umeshuka hadi siusikii nikiwa nimefunga ubavu wa kasha. Hiyo si hitilafu ya usalama, na kubadilisha kadi si lazima upate iliyo kimya. Yangu naibakiza. Kitenganishi kinabaki pia. Kadi ya USB naichomoa leo, nitaihamishia kwenye laptopu yenye tundu bovu la hedifoni, huko ina kazi.