Seti ya Havdala: mshumaa mzuri, karafuu mbovu

Mimi mtu wa Wete, Pemba, na kazi yangu hapa Toronto ni kutunza wazee majumbani. Bibi ninayekaa naye sasa ni Myahudi. Kisanduku chake cha zamani cha manukato kilipovunjika aliniomba nimtafutie seti mpya ya Havdala, nami nikaagiza mtandaoni kwa dola 45: mshumaa, kikombe, sahani, na kisanduku cha manukato chenye umbo la mnara, kikiwa na karafuu ndani.

Havdala ndiyo kuiaga Sabato, Jumamosi usiku nyota tatu zikishaonekana. Husomwa baraka nne: ya kinywaji, ya manukato, ya moto, na ya mwisho inayotenganisha siku ya saba na siku sita za kazi. Dakika tano, kumi ukijumlisha kutafuta miwani.

Mshumaa sina la kuulaumu. Ni wa nta ya nyuki, umesukwa kama nywele, una tambi sita. Inapendelewa tambi ziwe zaidi ya moja, kwa kuwa baraka yenyewe inataja mianga, si mwanga. Unawaka kama mwenge, basi zima taa za sebuleni. Kazi ya kuushika ni yangu, na Bibi hunihimiza niuinue: ati msichana huushika kwa kimo cha mume anayemtaka. Nimeshamwambia mimi ninaye, na ni mfupi. Kisha anakunja vidole na kutazama mwanga unavyong'aa kwenye kucha, maana moto hausomewi baraka bure, sharti kwanza ukufae. Tangu Ijumaa jioni hakuwashwa moto humu ndani; huu ndio wa kwanza.

Kikombe hujazwa hadi kifurike, ishara ya neema, halafu mshumaa unazimwa katika kilichomwagika. Hapo ndipo sahani ilipotuangusha: haina kina, na kitambaa cha meza kina doa la zambarau mpaka leo. Bibi hutumia juisi ya zabibu badala ya divai. Inaruhusiwa, nami Mwislamu nakaa bila wasiwasi.

Sasa karafuu. Wanasema siku ya Sabato mtu hupewa roho ya ziada, na inapoondoka ile inayobaki huzimia kidogo. Manukato ni ya kuizindua. Ndani ya ule mnara nilikuta vumbi na makonyo, vile vijiti vya karafuu! Mimi nimekua nikianika karafuu juu ya majamvi. Karafuu nzima ukiibana kwa ukucha hutoa mafuta. Hizi zilivunjika kama majani makavu. Roho gani itazinduka kwa hizo?

Nikampigia mama. Akampa ndugu aliyekuwa anasafiri konzi moja (moja tu, si magendo). Jumamosi iliyofuata Bibi alinusa, akanyamaza, akanyoosha mkono apewe tena. Miaka yote ananusa karafuu, hakuwahi kuuliza zinatoka wapi. Tukakaa hadi saa nne usiku nikimweleza habari za mikarafuu na wachumaji wanaopanda hadi vileleni.

Jambo moja halikunihitaji mwalimu: siku yao huanza magharibi jua likizama. Kwetu nako, ukiambiwa usiku wa Ijumaa, mtu wa pwani anajua ni Alhamisi jioni. Ila mimi siku zangu za huku zilikuwa zimeshonana, zamu inaingia katika zamu. Siku hizi nina karafuu nne mfukoni mwa koti. Nikitoka kazini nazinusa kituoni kabla ya basi kufika, ndipo zamu yangu imekwisha.

Kwa hiyo ukinunua, nunua mshumaa peke yake, karafuu tafuta kwa anayezijua. Mlango wa mnara nao haufungi sawasawa. Nimeipa seti nyota tatu. Bibi aliponiona nazibonyeza kwenye simu alicheka: "Tatu zinatosha, Sabato imetoka."