Vipuri vya punguzo, kompyuta ya gemu ya maana: uzoefu wangu hapa Unguja

Kitu kikipunguzwa bei, mie huuliza kwanza kimepunguzwa kwa nini. Muuzaji akianza kuzungukazunguka, naaga. Akinipa sababu ninayoweza kuihakiki mwenyewe, hapo tunakaa tukazungumza. Kwa mwendo huo nimekusanya kipuri kimoja kimoja mwaka 2025 mpaka nikapata kompyuta ya gemu ambayo kwa bei za kawaida nisingeithubutu. Jumla imekuja kasoro kidogo milioni 5, monita na UPS (kifaa cha kushika umeme ukikatika) ndani yake. Ile iliyokwisha kuundwa niliyoiulizia mjini, yenye kadi ya grafiki dhaifu kuliko yangu, nilitajiwa milioni 6 na ushei, na monita ujitafutie.

Nianze na kadi ya grafiki, kipuri kinachochora picha za gemu, maana ndiyo iliyokula pesa nyingi na ndiyo yenye mitego mingi.

Niliowauliza Dar wote walinielekeza kwenye RTX 3080 za mkononi, kadi za kampuni ya Nvidia. Kadi hiyo ilitoka Septemba 2020 kwa bei rasmi ya dola 699, na nilipokuwa natafuta ilipatikana kwa chini ya nusu. Sababu? Kadi nyingi za kizazi kile zilichimba sarafu ya kidijitali ya Ethereum usiku na mchana, na Septemba 2022 Ethereum ilipoachana na uchimbaji zikamwagwa sokoni. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu. Lakini feni zake zimezunguka miaka bila kupumzika, gundi ya kupitishia joto imekauka, na GB 10 za kumbukumbu yake zimeanza kubana kwenye gemu mpya. Bei nzuri, sababu mbaya. Nikaziacha.

Jicho langu likaenda kwa RX 7900 XT, kadi ya kampuni ya AMD. Ilitoka Desemba 2022 kwa dola 899, ina GB 20 za kumbukumbu, na kushuka kwake kunaeleweka: Machi 2025 AMD walitoa RX 9070 XT kwa dola 599, yenye nguvu zaidi kwenye hesabu za mionzi ya mwanga (zinazofanya mianga na vivuli vya gemu vifanane na vya kweli), na teknolojia yao mpya ya kukuza picha, FSR 4, wakaitoa kwa kadi hizo mpya peke yake. Yaani kadi ya zamani ilikosa mambo mawili, na kila mtu alijua ni yapi. Mie mionzi ya mwanga naizima siku zote, sioni tofauti nikiwa nakimbizwa. Na hiyo 9070 XT, dola 599 zilikuwa za kwenye karatasi. Madukani miezi ile ilikuwa inauzwa juu zaidi.

Shemeji yangu huenda Dubai kuleta mitandio na mashungi. Safari moja nikampa na kazi yangu: duka moja la Bur Dubai, karibu na Al Ain Centre, lilikuwa na 7900 XT iliyorudishwa na mteja, boksi limefunguliwa, dirham 2,050. Shemeji vitambaa anavijua kwa kugusa tu, kadi ya grafiki hajawahi kuishika. Basi tukaifanya kazi kwa video.

"Shem, isogeze kamera kwenye skurubu za nyuma. Kuna stika juu ya moja, ile inayochanika kadi ikifunguliwa?"

"Ipo. Haijachanwa."

"Haya, inuse."

"Niinuse?"

"Inuse, shem, kama ina harufu ya kuungua."

Nikamsikia muuzaji anacheka pembeni. Shemeji akainusa kweli, kwa heshima, kama mtu anayenusa udi, akasema inanuka simu mpya. Nikamwomba anionyeshe yale meno ya dhahabu yanayoingia kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta. Meno yana siri: kila kadi inapochomekwa na kuchomolewa huachiwa mikwaruzo, na kadi iliyopita mikono mingi inajionyesha hapo. Hii ilikuwa na alama chache. Kisha muuzaji akaichomeka kwenye kompyuta yake ya majaribio na kuiendesha kwa FurMark, programu ya kuitesa kadi, robo saa nzima, simu imeegemezwa mbele ya kioo. Nilichokuwa nakitazama hasa ni joto la wastani na joto la sehemu iliyo moto kuliko zote. Zikiachana mno, kipoozeo hakijakaa sawa. Sikujitungia hofu: mwanzoni mwa 2023 AMD wenyewe walikiri kwamba baadhi ya kadi za 7900 XTX, ndugu mkubwa wa hii, walizozitengeneza zilikuwa na kasoro ya kupoozea, zikifika nyuzi 110. Hii ya kwangu ilitulia, feni zinavuma bila kukwaruza. Nikamwambia shemeji alipe.

Duka lile nalisifu kwa hilo la kukubali kujaribu mbele ya mteja. Dhamana yao ni ya kwao tu, miezi michache, na ni ya huko huko. Kitu kikifa hapa Mazizini nani atakirudisha Dubai kwa muda? Kwa hiyo punguzo la nje mie hulipima hivi: likiwa dogo kiasi kwamba bora ningenunua Dar nikapata pa kurudi, sina haja nalo. Na jambo ambalo wengi hawalifanyi: Falme za Kiarabu zinamrejeshea mgeni sehemu kubwa ya VAT ya asilimia 5 pale uwanja wa ndege, mradi duka limo katika mpango huo na manunuzi yanafika dirham 250. Shemeji alikuwa anasafiri miaka yote hajui. Sasa anadai hata kwenye mashungi. Hizo risiti ukizitunza zinakusaidia pia forodhani unaporudi, maana thamani ya mzigo ipo kwenye maandishi, hakuna kubahatishana.

Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na madabodi havikunisumbua. Nimechukua Ryzen 7 7800X3D ya trei, yaani isiyo na boksi, dirham 1,150. Prosesa hii hata ya boksi haiji na feni, kwa hiyo ulichokosa ni boksi na dhamana ya kiwandani ya miaka mitatu. Dhamana ni hasara ya kweli, sikatai, ila prosesa ikishapimwa ikawaka ni kipuri kigumu kufa. Ilitoka Aprili 2023 na kwa gemu bado inatisha, kwa ajili ya ile kashe (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ya MB 96. Madabodi ni B650, dirham 480. Imeshuka kwa sababu Januari 2025 zilitoka za toleo jipya, B850, na tofauti ya hizo mbili mie sijaiona ya kuilipia. Cha kuangalia ni kwamba iwe na kitufe cha kusasisha BIOS (programu ya kuamshia kompyuta) kwa flashi bila prosesa. Bodi zilizotoka kiwandani kabla ya katikati ya 2023 zina BIOS ya zamani, na mwaka ule kulikuwa na prosesa za X3D zilizoungua kwa kupewa volti nyingi mpaka BIOS mpya zikaweka kikomo cha volti 1.3. Niliisasisha kabla ya kuweka prosesa, nikaendelea na mengine.

Pale pale shemeji alitajiwa na Core i9-13900K ya mkononi kwa bei iliyomfanya anipigie simu ya pili. Hapo hapo nikakataa. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na 14 zina historia: mwaka 2024 Intel walikubali kwamba zilikuwa zinaomba volti kubwa kupita kiasi na kuchakaa, wakatoa marekebisho Agosti na kuongeza dhamana kwa miaka miwili. Marekebisho yanazuia, hayatibu iliyokwisha kuumia. Ya mkononi, ambayo hujui imeendeshwa vipi kabla ya hapo, mie hata kwa bei ya samaki siitaki.

RAM, kumbukumbu ya kazi ya kompyuta, ni hadithi ya bahati. GB 32 za DDR5, mbili za 16, kasi 6000 na CL30 (CL ikiwa ndogo, RAM hujibu haraka zaidi), nililipa dirham 350 katikati ya mwaka. Binamu yangu wa Jang'ombe yeye akasema anasubiri punguzo la Novemba. Novemba ikafika, bei ya RAM imepaa dunia nzima, viwanda vinapeleka chipu kwenye vituo vya data vya akili unde, na Desemba kampuni ya Micron, watengenezaji wa RAM, wakatangaza kuacha kabisa kuwauzia watu wa kawaida chini ya jina la Crucial. Binamu mpaka leo ana kasha, madabodi na hasira. Kwa RAM ya sasa sina ushauri wa punguzo. Ukiiona ya rahisi sana ndiyo ya kuiogopa zaidi.

SSD, diski ya kuhifadhia gemu na mafaili, ilinipa shughuli. Ya kwanza, TB 2, niliagiza kwa muuzaji mmoja wa Bara aliyeitangaza "mpya, ofa ya wiki". Ikaja kwa boti, plastiki imefungwa vizuri. Nikaichomeka, nikafungua CrystalDiskInfo, programu ya kusoma afya ya diski: imewaka maelfu ya masaa na kuandikwa makumi ya TB. Mpya hiyo! Nikampelekea picha ya kioo. Kwanza akasema programu inakosea, kisha akasema ni "mpya ya mtumba", msemo ambao sijawahi kuusikia na natumai sitausikia tena. Pesa alirudisha baada ya mvutano, nauli ya kifurushi ikawa yangu. Ya pili ilikuja na shemeji, dirham 500, na masaa yake yalikuwa sifuri. Ukinunua SSD, hiyo programu ndiyo risiti yako, iendeshe siku hiyo hiyo.

Sasa kuna vitu viwili sikutafuta punguzo hata kidogo: pawa saplai (inayogawa umeme ndani ya kompyuta) na UPS. Umeme wetu unavuka bahari kutoka Bara mpaka Fumba kwa waya wa chini ya maji, na sisi tuliokuwepo Desemba 2009 mpaka Machi 2010, Unguja nzima gizani, hatuhitaji kukumbushwa. Siku hizi si hivyo, lakini jioni mtaani kwetu taa zinafifia, zinarudi, friji zinagonga. Pawa saplai nimenunua Dar, mpya, wati 850 za daraja la Gold la ufanisi, 340,000 na dhamana ya mtu ninayeweza kumfuata kwa boti ya asubuhi. UPS ikanigharimu 650,000, na hapo wengi waliniona mjinga, kwa kuwa zipo za 200,000 zimejaa Darajani. Zile za rahisi zikishika mzigo hutoa umeme wa mawimbi ya kuiga, na pawa saplai za kisasa baadhi yao haziyapendi: umeme ukikatika, UPS inawaka na kompyuta inazima vilevile. Yangu inatoa mawimbi kamili, uwezo wake VA 1,500, na ina kisawazisha volti ndani. Kompyuta ikicheza kwa nguvu inavuta kama wati 450, kwa hiyo ina nafasi. Gemu la saa 4 ni karibu uniti 2 za Tukuza, umeme wetu wa kulipia kabla, mama ameshaniambia ninunue yangu.

Kipoozeo nimechukua cha hewa, Thermalright Peerless Assassin 120, dirham 150. Cha maji kinapendeza, ila pampu ni kitu kingine cha kufa, na hapa kipuri chake hukipati. Chumba changu hakina kiyoyozi. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, nyuma ya kasha panatoka hewa ya kukaushia dagaa, kwa hiyo kwenye programu ya AMD nimeishusha kadi kwa asilimia 10 ya umeme. Fremu (picha za kila sekunde) zilizopotea sizioni, joto lililopungua nalisikia miguuni. Prosesa AMD wameiwekea kikomo cha nyuzi 89 na haijakigusa. Chumvi ndiyo adui wa polepole: ukitaka kununua vipuri vilivyotumika hapa hapa kisiwani, hasa vilivyotoka kwenye mahoteli ya pwani, tazama kwanza bati la nyuma la soketi za USB. Likiwa na madoa ya kutu, ndani ni vivyo hivyo.

Siku ya kuiwasha, feni zikazunguka, kioo cheusi. Taa ndogo ya njano ya RAM ikawaka kwenye madabodi na haikuondoka. Mdogo wangu akanitazama: "Kaka, ishakufa?" Nikamwambia asubiri. Mashine za AM5, yaani zenye soketi ya prosesa kama yangu, mara ya kwanza huzoeshana na RAM kwa dakika kadhaa, na wengi hapo huzima wakaanza kufungua kila kitu. Tukasubiri, taa ikahama, nembo ikatokea.

Inavyocheza: kwa ubora wa juu kwenye 1440p (kioo cha mistari 1440 ya doti) inapita fremu 100 kwa sekunde katika karibu kila gemu ninalolicheza, na kwenye gemu la mpira haitoki hata jasho. Kadi ina mlio mwembamba wa umeme gemu likiwa kwenye menyu. Nikiweka kikomo cha fremu unaisha.

Monita ni ya inchi 27 iliyokuwa ya maonyesho dukani, 430,000, na imepunguzwa kwa sababu ya doti moja lililokufa kulia juu. Muuzaji alinionyesha mwenyewe kabla sijauliza. Doti lipo pale ambapo gemu nyingi huweka saa, silioni. Kwa mtu huyo nitarudi, na kwa duka la Bur Dubai nitarudi. Kwa yule wa "mpya ya mtumba", hapana.