Kompresa ya dbx 266xs: uzoefu wangu na kasida za Lamu

Narekodi kasida hapa Lamu, nyingi za msimu wa Maulidi, kwa maiki mbili za stereo. Msomaji huanza taratibu, sauti ya chini, halafu watu wote wanaitikia na matari yanaingia kwa kishindo. Ukiitega rikoda imfae msomaji, kiitikio kinapasuka. Ukiitega ifae kiitikio, anayesikiliza kwa simu hamsikii msomaji. Ndipo nikanunua dbx 266xs, kompresa, yaani mashine inayobana sauti: inayoshusha yenyewe sauti kubwa isiizidi mno ile ndogo. Nimeridhika nayo sana.

Kinachonipendeza kuliko vyote ni kitufe kilichoandikwa Stereo Couple. Mashine ina chaneli mbili, na bila kitufe hicho kila moja inabana kivyake. Mpiga tari akiwa kushoto, kila akipiga chaneli ya kushoto hushuka peke yake, na msomaji aliyeketi katikati unamsikia akisogea kulia, akirudi, akisogea tena. Kwa hedifoni inaumiza kichwa! Ukikibonyeza, kompresa hupima nguvu ya chaneli zote mbili pamoja na kuzishusha kwa kiasi kimoja, na chaneli ya kwanza ndiyo inayoongoza. Msomaji anabaki palepale alipoketi.

Uwiano nauweka 3 kwa 1: sauti ikivuka mpaka, yaani kiwango ambacho mashine huanza kubana, kwa desibeli 9 (kipimo cha nguvu ya sauti), hutoka imeuvuka kwa 3 tu. Mpaka wenyewe nauteremsha hadi taa zionyeshe kubana kama desibeli 6 wakati wa kiitikio, na zizime msomaji akiwa peke yake. Kitufe cha OverEasy nakiwasha daima. Hapo mashine hubana kidogo kidogo sauti inapoukaribia mpaka, haishiki ghafla.

Penye kazi hasa ni muda wa kuanza kubana, ule wa Attack. Kiganja kikigonga ngozi ya tari, ule mlio mkali huja mwanzoni kabisa. Kompresa ikiuwahi, tari linabaki kuvuma tu, utamu wake umekwenda. Kwa hiyo nachelewesha kidogo, mlio upite kwanza. Muda wa kuachia nao usiwe mfupi mno, kwani baina ya kipigo na kipigo utasikia jenereta ya mtaani ikipanda na kushuka. Kwa mawaidha, sheikh anazungumza peke yake, nabonyeza Auto na mashine inajipangia yenyewe nyakati zote mbili.

Sirekodi moja kwa moja kupitia kompresa. Nahifadhi rekodi mbichi, kisha naipitisha nyumbani kwa utulivu, maana sauti ikishabanwa kupita kiasi huwezi kuirudisha ilivyokuwa. Wanaorekodi harusi kutoka kwenye mikseri hawana nafasi hiyo. Hao naona waanze na uwiano wa 2 kwa 1, na sauti ya kutokea waipandishe kwa kiasi tu, kwa sababu kila unachokipandisha hapo kinapanda pamoja na kelele za ukumbini.