Uzoefu wangu: ziara ya miguu ya uvamizi wa Waingereza, Buenos Aires

Nyota nne kati ya tano. Ziara inaahidi mambo mawili: jinsi Waingereza walivyopigwa hapa mwaka 1806 na 1807, na jinsi ushindi huo ulivyozaa uhuru wa Argentina. La kwanza wanalifanya vizuri sana. La pili wanalikimbiza, na ndilo lenye uzito.

Mnaanzia Plaza de Mayo, mbele ya Cabildo, ukumbi wa baraza la mji enzi za Wahispania. Matao yake 11 yamebaki 5; mengine yalibomolewa kupisha barabara. Tazama majina ya mitaa: upande wa kaskazini ni Reconquista, yaani kuukomboa mji mwaka 1806, kusini ni Defensa, kuulinda mwaka 1807.

Shuka na Defensa hadi kanisa la Santo Domingo. Hapo usiharakishe. Yale madoa ya duara kwenye mnara ni vipande vya mbao vinavyoonyesha zilipopiga risasi za mizinga. Wengi hudhani ni mizinga ya Waingereza. Sivyo: Julai 5, 1807 Waingereza ndio waliojificha ndani, na wenye mji ndio waliofyatua. Jenerali Whitelocke, kamanda wa Waingereza mwaka huo, aliwaingiza askari wake mitaani kwa safu nyembamba, bunduki zikiwa hazina risasi, huku juu ya mapaa bapa watu wakiwamiminia risasi na mawe. Kanisa pia linahifadhi bendera za kikosi cha 71 cha Waingereza zilizotekwa mwaka 1806.

Sasa kile kiongozi wetu alichokigusa kwa sentensi mbili. Beresford, kamanda wa Waingereza wa mwaka 1806, alisalimu amri Agosti 12, 1806, baada ya kuushika mji siku 46. Siku mbili baadaye wananchi walijazana Cabildo, wakashinikiza amri ya jeshi apewe Santiago de Liniers, ofisa aliyeongoza kuukomboa mji, si Sobremonte, gavana wa mfalme aliyekuwa amekimbilia Córdoba. Septemba vikaanza vikosi vya raia: Patricios wa wazaliwa wa mji, Arribeños wa watu wa mikoa ya bara, na vingine. Askari waliwapigia kura maofisa wao wenyewe. Patricios wakamchagua Cornelio Saavedra. Februari 1807, Waingereza walipouteka mji jirani wa Montevideo, Sobremonte akavuliwa madaraka kabisa. Koloni limemng'oa mwakilishi wa mfalme, na silaha zimebaki mikononi mwa wenyeji! Bila hilo huwezi kuelewa kwa nini, Napoleon alipomteka mfalme wa Hispania mwaka 1808, Buenos Aires ilikuwa tayari na watu wa kuchukua serikali. Mei 25, 1810 mwenyekiti wa serikali mpya alikuwa Saavedra yuleyule, na Patricios walikuwa nyuma yake.

Kosa jingine: tuliambiwa uhuru ulitangazwa mwaka 1810. Mwaka ule iliundwa serikali iliyoendelea kutawala kwa jina la mfalme. Uhuru ulitangazwa Julai 9, 1816, mjini Tucumán. Na Liniers, shujaa wa nusu ya kwanza ya ziara, alipigwa risasi Agosti 1810 kwa amri ya serikali hiyohiyo kwa kuwa alibaki upande wa mfalme. Kiongozi hakulitaja kabisa.

Ukienda, vaa viatu vya kutembelea juu ya mawe, na mwombe kiongozi awarudishe Cabildo mwishoni. Muulize hapo: nani alimchagua Saavedra, na lini?