PS4 ya mtumba imefika nyumbani: CD ipi inunuliwe kwanza?

PS4 iliyotumika ndiyo mashine ya gemu ambayo familia nyingi za kwetu zinaimudu kwa sasa. Iliingia sokoni Novemba 2013, toleo lake jembamba likafuata Septemba 2016, na kwa kuwa wenye uwezo wamekwisha kuhamia PS5, hizi za zamani hupatikana kwa bei inayovumilika pamoja na rundo la CD zake. Tabu ya mnunuzi huanzia pale muuzaji anapomwaga makasha thelathini juu ya meza, ilhali fedha iliyobaki mfukoni inatosha mawili tu. Hapa ninazipanga gemu tano, kuanzia ile ambayo ningeitoa mezani kabla ya nyingine zote, na kipimo changu kikuu ni kumtazama aliyeshindwa wakati anapomkabidhi mwenzake pedi ya kuchezea. Akiuliza zamu yake itarudi lini, gemu hiyo inafaa. Akichukua simu yake na kuegemea kochi, fedha imepotea.

Kipimo hicho kina sababu. Wahakiki wengi huanza na uzuri wa picha, na picha kweli huvutia siku ya kwanza, lakini kinachomrudisha mtu kwenye kochi siku ya ishirini ni mambo yanayopita mikononi mwake: kitufe kikibonyezwa mhusika atende papo hapo, na anayeshindwa aone kosa lilikuwa lake, lisiwe la mashine. Kabla ya kuilaumu gemu kwa uzito, tafuta kwanza kwenye mipangilio ya runinga hali maalumu ya gemu, kwa sababu runinga nyingi za kisasa huisafisha picha kabla ya kuionyesha na hivyo kuichelewesha, na mchezaji hudhani pedi ni mbovu.

Nafasi ya kwanza naipa Tekken 7, gemu ya ngumi na mateke iliyotoka kwa PS4 mwezi Juni 2017, ingawa najua wapenzi wa mpira watanishangaa. Nyumba nyingi zina pedi mbili na watu wanne au watano wanaozitaka, kwa hiyo muda wa kungoja zamu ni sehemu ya raha au ya karaha. Kwa mipangilio yake ya kawaida, raundi ya Tekken haizidi sekunde 60 na mshindi ni anayefikisha raundi tatu, kwa hiyo hata pambano refu kabisa humalizika kabla aliye kwenye foleni hajaanza kununa. Vidhibiti vyake pia ni rahisi kumweleza mgeni kuliko vya gemu yoyote ya ngumi ninayoijua: kitufe cha mraba ni mkono wa kushoto, cha pembetatu ni mkono wa kulia, cha msalaba ni mguu wa kushoto na cha duara ni mguu wa kulia. Basi.

Shangazi yangu, ambaye hakuwahi kushika pedi maishani, alimchagua Eddy Gordo, yule Mbrazili anayepigana kwa mtindo wa kapoera, akaanza kubonyeza vitufe vya miguu ovyo ovyo, na akamshinda mwanawe mara mbili mfululizo huku sebule nzima ikipiga kelele. Kijana alinuna, kisha akagundua kwamba akishikilia upande wa nyuma anajikinga, kwamba yale mateke yana mwisho, na kwamba baada ya teke la mwisho Eddy hubaki wazi kwa kitambo kidogo. Tangu hapo shangazi hakushinda tena, na aliyeanza kudai marudiano akawa yeye. Waundaji wameongeza jambo moja ambalo sijaliona likifanywa vizuri hivyo kwingine: wapiganaji wote wawili wakiwa wamebakiwa na damu kidogo na wakarusha mapigo kwa wakati mmoja, mwendo hupungua ghafla, ngumi zikaelea hewani, na kila aliyemo chumbani hushika pumzi mpaka moja ifike. Watazamaji nao hupata haki yao. Hadithi yake ya mchezaji mmoja ni ya kupitia tu, wala usiinunue kwa ajili hiyo.

Ya pili ni mpira, na hapa ushauri wangu utaokoa fedha. FIFA 23, iliyotoka tarehe 30 Septemba 2022, ndiyo ya mwisho kutengenezwa na kampuni ya EA kwa jina la FIFA. Tangu mwaka uliofuata mfululizo huo unaitwa EA Sports FC. Teknolojia mpya ya miondoko ambayo kampuni hiyo imekuwa ikiitangaza tangu FIFA 22 iliwekwa kwenye PS5 na mashine za kizazi chake, si kwenye PS4, kwa hiyo mwenye PS4 anayenunua toleo jipya kila mwaka hupata zaidi vikosi vipya na jezi mpya. Kama nyumbani kwako hakuna atakayelala na njaa kwa sababu mshambuliaji fulani bado yuko klabu yake ya zamani, chukua FIFA 23 iliyotumika. Ina klabu za wanawake kwa mara ya kwanza katika mfululizo huo, ina Kombe la Dunia, na namba ya umri kwenye kasha lake ni 3, yaani hakuna wa kufukuzwa sebuleni.

Kwa nini basi haikushika nafasi ya kwanza, ilhali vibanda vya gemu mtaani huishi kwa mpira? Kwanza, mechi ni ndefu. Kipindi cha dakika sita mara mbili, ongeza marudio ya mabao na mabadiliko ya wachezaji, na wa tano kwenye foleni amekwisha kwenda kulala. Punguzeni kipindi kiwe cha dakika nne. Pili, anayefungwa dakika ya 90 mara nyingi husema kompyuta ndiyo iliyombeba mwenzake. Kampuni imekanusha kwamba gemu hubadilisha ugumu kisirisiri, lakini shaka yenyewe inatosha kuharibu usiku, jambo ambalo Tekken haina. Anayevutiwa na eFootball, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami iliyochukua nafasi ya PES yao mwaka 2021, aelewe kwamba ni ya bure lakini inategemea intaneti. Asiye na bando la uhakika atafute CD ya PES 2021, ambayo pasi zake bado zina ladha.

It Takes Two, ya Machi 2021, ni ya tatu na pengine ndiyo bora kuliko zote kwa nyumba ya watu wawili. Haichezwi na mtu mmoja kabisa: runinga hugawanywa katikati, mmoja anakuwa May na mwingine Cody, mke na mume wanaotaka kuachana ambao wamegeuzwa kuwa vidoli. Kila sura huwapa kifaa kipya na kukitupa kabla hakijachosha. Katika mojawapo ya sura za mwanzo Cody hurusha misumari ukutani na May, aliyebeba kichwa cha nyundo, huning'inia kwenye msumari huo na kuruka ng'ambo. Msumari ukikosea mahali, May huanguka, na hapo mtajua kama mnasikilizana kweli. Ilitangazwa gemu bora ya mwaka katika tuzo za The Game Awards 2021, na sina ugomvi na uamuzi huo. Kasoro yake ni kwamba mkishaimaliza mmeimaliza. Inunueni, mcheze, kisha muibadilishe dukani kwa nyingine.

Anayeishi peke yake aruke moja kwa moja hadi ya nne, God of War ya 2018, kwa sababu ya shoka. Kratos, mhusika mkuu, hulirusha, linamganda adui au kubaki limekwama kwenye mti kule mbali, nawe ukibonyeza kitufe cha pembetatu linarudi likizunguka mpaka linatua kiganjani, na pedi hutikisika wakati huo huo kana kwamba limetua kwenye kiganja chako wewe. Nimewaona watu wakilirusha na kuliita dakika tano nzima bila adui yeyote kuwapo. Ni gemu ya watu wazima, na maneno yake ni mengi, ya Kiingereza, kwa hiyo asiyefuatilia lugha hiyo atapoteza nusu ya uhusiano wa baba na mwanawe ambao ndio moyo wa hadithi. (Gemu yenye sauti za Kiswahili ipo: Tales of Kenzera: Zau ya mwaka 2024, kazi ya Abubakar Salim, mwigizaji wa Uingereza mwenye asili ya Kenya, lakini kwa bahati mbaya haikutengenezwa kwa PS4.)

GTA V, gemu ya magari na uhalifu mjini, naiweka ya tano. Los Santos bado ni mji wa kupendeza kuuzurura, ila anayeendesha ni mmoja na wengine ni abiria wa macho, kuicheza mtandaoni kunahitaji kulipia PS Plus, huduma ya mtandao ya PlayStation, na ile 18 kwenye kasha ni umri kweli, si kiwango cha ugumu kama wazazi wengi wanavyodhani.

Iache mezani Gran Turismo 7 kama intaneti yako ni ya kubahatisha. Ni gemu nzuri ya magari, lakini sehemu yake kubwa haifunguki bila mtandao, na Machi 2022, wiki chache tu baada ya kutoka, mitambo yake ya mtandao ilizimika kwa zaidi ya saa 30 na wenye CD halali mkononi wakakosa sehemu kubwa ya gemu yao.

Kuhusu CD yenyewe, niliwahi kurudi nyumbani na gemu ambayo mashine iliikataa katakata, kumbe muuzaji alikuwa ameiweka CD ya PS5 ndani ya kasha la PS4. PS5 yenye sehemu ya CD husoma za PS4, lakini PS4 haisomi za PS5, kwa hiyo soma maandishi yaliyo juu ya CD, usiishie kwenye kasha. Igeuze chini ya mwanga: mikwaruzo midogo haina neno, bali ufa unaoanzia kwenye tundu la katikati ni wa kuikataa hapo hapo. Kisha mwombe muuzaji aiingize kwenye mashine na asubiri mpaka gemu ianze kujinakili, maana PS4 hunakili gemu kwenye diski yake ya ndani, na CD nyingi mbovu hukwamia katika hatua hiyo, asilimia zikasimama mahali pamoja wakati wewe hujatoa hela.