Wanasesere wa watu mashuhuri wa miaka ya nyuma: wa kuanza nao na wa kuwaacha

Mtu anayeanza kukusanya wanasesere wa zamani waliotengenezwa kwa sura za waimbaji, waigizaji na wanamichezo hukuta soko limejaa, hasa katika minada ya mtandaoni, na kosa ambalo wengi hulifanya siku ya kwanza ni kukimbilia jina kubwa kabla ya kujua kitu chenyewe kinatakiwa kuwaje. Katika mwongozo huu nimewapanga wanasesere kwa kuangalia mambo manne: kama mnunuzi anaweza kuthibitisha uhalisi wao kwa picha tu, kama wanavumilia joto na unyevu, kama bado wanapatikana wakiwa kamili, na kama wana habari ya kumsimulia mgeni anayesimama mbele ya kabati. Umaarufu wa mtu mwenyewe sikuuhesabu.

Nafasi ya kwanza ninawapa wanasesere wa kampuni ya Shindana, na ninakiri kwamba jina lenyewe ndilo lililonivuta kwanza. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1968 kusini mwa Los Angeles na Lou Smith na Robert Hall, ikitokana na Operation Bootstrap, shirika la kujitegemea lililozaliwa baada ya machafuko ya mwaka 1965 katika mtaa wa Watts jijini humo. Mattel, kampuni inayotengeneza Barbie, iliwapa mtaji na ujuzi wa kiwandani, lakini kampuni ilibaki ya watu wa mtaa ule. Walilichagua neno la Kiswahili wakijua maana yake, wakaliandika kwenye makasha yao, kisha wakawapa wanasesere wao majina kama Malaika, Tamu na Zuri. Walisisitiza pia kwamba pua, midomo na nywele viwe vya mtoto Mweusi kwelikweli, wakati ambapo viwanda vingi vilichukua sura ya mtoto wa Kizungu na kuipaka rangi ya kahawia. Mwanasesere wao wa kwanza, Baby Nancy, aliingizwa mwaka 2020 katika National Toy Hall of Fame huko Rochester, New York.

Kwa upande wa watu mashuhuri, wa kumtafuta kwanza ni Flip Wilson wa mwaka 1970, mchekeshaji aliyekuwa na kipindi chake cha televisheni. Ni mwanasesere wa kitambaa kilichochapwa picha: upande mmoja yupo Flip mwenyewe, na ukimgeuza unakutana na Geraldine, mwanamke aliyekuwa akimwigiza. Ana kamba ya kuvuta ili aongee. Baadaye walifuata wachekeshaji Jimmie Walker na Redd Foxx, mcheza kikapu Julius Erving na mwigizaji Marla Gibbs. Kampuni ilifungwa mwaka 1983, na wakusanyaji wengi wa Ulaya na Marekani bado huwapita wakielekea kwenye majina ya Hollywood, jambo ambalo kwa sasa linatufaa sisi.

Mwanasesere wa kitambaa hanati wala hapasuki, na ni mwepesi kumsafirisha, ila ana maradhi yake. Mwombe muuzaji video yenye sauti, akiwa anaivuta kamba mpaka mwisho na kuiachia, kwa sababu wengi wamekwisha kuwa mabubu na tangazo halisemi. Bubu si wa kukataliwa, lakini asiuzwe kwa bei ya anayeongea. Omba pia picha ya karibu ya mshono wa ubavuni na wa mgongoni. Uzi mpya wenye rangi tofauti ni dalili kwamba amefunguliwa na kutengenezwa. Rangi za usoni zikiwa zimepauka upande mmoja kuliko mwingine, alikaa dirishani miaka mingi, na hilo halina dawa.

Nafasi ya pili ni Julia wa Mattel, aliyetoka mwaka 1969 kwa sura ya Diahann Carroll, aliyeigiza muuguzi mjane anayemlea mwanawe katika tamthilia ya televisheni iliyoonyeshwa Marekani kuanzia mwaka 1968 hadi 1971. Yupo Julia wa sare nyeupe ya uuguzi, na yupo wa kuongea, mwenye suti ya dhahabu na fedha. Sare za mwanzo zilikuwa za vipande viwili, baadaye zikashonwa kipande kimoja, na kofia na viatu vyeupe ndivyo hupotea kwanza. Hapa lazima nieleze alama inayowachanganya wengi: mwilini mwake pamechongwa mwaka 1966, na wauzaji wasiojua, pamoja na wengine wanaojua vizuri, humtangaza kuwa ni wa mwaka huo. Namba ile inahusu muundo wa mwili wa kugeuka kiunoni, ambao Mattel iliutumia kwa wanasesere wengi. Haitaji mwaka ambao mwanasesere mwenyewe alitoka kiwandani, na mwenye kulijua hilo hawezi kuuziwa umri ambao haupo.

Julia wangu wa kwanza nilimnunua kwa picha tatu, zote za mbele. Alipelekwa kwa ndugu yangu anayeishi Marekani, naye akaja naye likizo, kwa hiyo nilimsubiri miezi minne. Nilipomtoa kwenye karatasi na kumgeuza, nilikuta nywele za kisogoni zimekatwa kwa mkasi usawa wa sikio, mkato wa mkono wa mtoto, na zile ndefu zilizobaki zimegeuka rangi ya kutu. Kubadilika kwa rangi ni kawaida kwa Julia, kwani nywele zake nyeusi huelekea wekundu kadiri miaka inavyopita, wala simlaumu muuzaji kwa hilo. Kisogo kile alikijua, akanyamaza. Tangu siku hiyo situmi hela kabla ya kuona picha sita: mbele, nyuma, pande mbili za kichwa, nyayo, na alama ya mwilini. Asiyetaka kupiga picha sita anataka kukuuzia mbuzi kwenye gunia.

Michael Jackson wa kampuni ya LJN wa mwaka 1984 ninampa nafasi ya tatu, na kwa anayeanza kabisa huenda ndiye salama kuliko wote. Ana urefu wa takribani sentimita 30, na alitolewa akiwa na mavazi ya aina nne: ya Thriller, ya Beat It, ya tuzo za Grammy na ya tuzo za American Music Awards. Waliuzwa kwa wingi, na watu wengi waliwahifadhi bila kuwatoa kwenye makasha, kwa hiyo hakuna sababu ya kumnunua asiye na vikorombwezo vyake. Hesabu glavu, maikrofoni na kisimamio. Glavu ile ni ndogo sana, na ndiyo inayotofautisha mwanasesere kamili na mabaki.

Kundi la nne ni la kampuni ya Mego, iliyotawala biashara hii katika miaka ya 1970 kabla ya kufilisika mwanzoni mwa muongo uliofuata. Mwimbaji Cher alitoka mwaka 1976, na nguo zake zilibuniwa na Bob Mackie, mbunifu yuleyule aliyemvisha Cher mwenyewe jukwaani. Mwimbaji Diana Ross alifuata mwaka 1977. Nguo ndizo thamani yao, nazo ziliuzwa moja moja kwenye pakiti, hivyo utawakuta wengi wamevaa nguo zisizo zao. Kwa msomaji wa Afrika Mashariki ningemtanguliza Muhammad Ali wa mwaka 1976, mwenye glavu na joho, kwa sababu Ali ni mtu aliyefika Dar es Salaam na Nairobi mwaka 1980 na wapo wazee wanaomkumbuka.

Shirley Temple, mtoto aliyekuwa nyota wa filamu za Hollywood, ningependa kumweka juu, lakini dhamira hainiruhusu. Huyu ni miongoni mwa wanasesere wa watu mashuhuri waliofungua njia, akitolewa na kampuni ya Ideal mwaka 1934, mtoto wa nywele za mviringo na vishimo mashavuni. Shida ni kwamba ametengenezwa kwa mchanganyiko wa unga wa mbao na gundi, kisha akapakwa rangi juu. Joto likipanda na kushuka, mbao hutanuka na kusinyaa wakati rangi haifuati, na uso mzima hujaa nyufa nyembamba kama kaure ya zamani. Unyevu wa Mombasa, Tanga au Unguja utammaliza. Isitoshe, waigaji walikuwa wengi tangu miaka ile ile, kwa hiyo asiye na jina lake lililochongwa kisogoni au mgongoni ahesabiwe kuwa si yeye mpaka ithibitike vinginevyo. Anayempenda sana amtafute wa plastiki aliyeanza kutolewa mwaka 1957.

Wa mwisho ni yale yanayoitwa matoleo maalumu, yenye cheti na namba. Baada ya kifo cha Binti Mfalme Diana mwaka 1997 walitengenezwa wanasesere wake wengi, na kampuni ya Franklin Mint hata ikashtakiwa na wasimamizi wa mirathi yake, ingawa kesi hiyo haikufaulu. Kitu kilichouzwa tangu mwanzo kwa ahadi ya kupanda thamani huhifadhiwa na kila aliyekinunua, na kwa hiyo hakiadimiki. Spice Girls, kundi la waimbaji wa kike wa Uingereza, wa kampuni ya Galoob wa mwaka 1997 nao wamejaa tele. Wanunue kwa sababu uliwapenda ujanani, na ulipe kidogo. Sahihi za watu mashuhuri kwenye picha nimeziacha nje kabisa, maana kughushi kalamu ni rahisi kuliko kughushi kiwanda.

Kuhusu bei, usiangalie anachoomba muuzaji, angalia minada iliyokwisha kufungwa na kiasi kilicholipwa kweli, tena linganisha mwenye kasha na mwenye kasha. Uliza ushuru wa forodha kabla ya kulipa, kwa kuwa mara nyingine unazidi nauli. Akishafika, usimfunge kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu plastiki laini hutoa mafuta na kuanza kunata ikikosa hewa, na miguu ya mmoja ikigusana na viatu vya mwingine kwa miezi kadhaa huachiana rangi. Mzungushie karatasi nyeupe isiyo na maandishi au kitambaa cha pamba kilichofuliwa bila kutiwa manukato, mvue hereni za chuma zisije zikaacha ukijani sikioni, mweke mbali na dirisha, na umfungue umtazame angalau kila masika yanapoisha.