Redio yangu ndogo ya mkononi wakati wa kimbunga Helene: uzoefu wangu

Miaka niliyoendesha watalii Serengeti, asubuhi hadi jioni nilikuwa na redio koli mdomoni. "Unanipata? Chui yuko mtini, njia ya Seronera, magari mawili tu." Kwa hiyo nilipohamia huku milimani, magharibi mwa North Carolina, Marekani, na kusikia kuna watu wanaozungumza kwa redio za ridhaa bila kutegemea mtandao wa simu, nilijiunga mara moja. Mwaka 2023 nikafanya mtihani wa daraja la mwanzo: maswali 35, ukipata 26 umefaulu. Ada ya leseni ni dola 35 na inadumu miaka 10. Halafu nikanunua redio ya mkononi ya Kichina ya wati 5, bei haikufika dola 30. Ndiyo ninayoieleza hapa.

Kwa mwaka mzima niliitumia kwa mazoezi tu. Kisha ikaja Ijumaa ya tarehe 27 Septemba 2024.

Tunaishi nje kidogo ya mji wa Black Mountain. Alfajiri umeme ulikatika, maji ya bomba yakafuata, na ilipofika saa nne asubuhi simu zote hazishiki. Mto Swannanoa ulikuwa umevunja kingo zake, na barabara yetu ilizibwa na miti pande zote mbili. Mama jirani anaishi kwa mashine ya oksijeni inayotumia umeme. Alikuwa na mtungi mmoja wa akiba, na mume wake alishapiga hesabu: ungetosha kwa muda wa saa sita tu.

Nikachukua redio nikapanda kilima nyuma ya nyumba. Hili mtu alielewe kabla ya kununua: masafa haya yanataka kuonana. Ukiwa bondeni, mlima ukikukinga, wati 5 hazifiki popote. Kilichotuokoa ni ripita iliyoko Mount Mitchell, mlima wa mita 2,037, mrefu kuliko yote mashariki ya mto Mississippi. Ripita ni mtambo unaopokea na kurusha upya: inakusikia kwenye megahezi 144.590 na papo hapo inairusha sauti yako kwa nguvu kwenye 145.190, ikasikika hadi wilaya za mbali. Minara ya simu ilikuwa imekosa umeme, na nyaya zake nyingi zimekatwa na miti na maporomoko. Ripita ile ilibaki hewani.

Nilipofungua nikasikia sauti moja tulivu ikiongoza zamu. Mmoja anauliza barabara ipi inapitika, mwingine yuko jimbo jingine anatafuta habari za baba yake, mwingine ana insulini ya siku moja. Hakuna aliyemkatiza mwenzake. Anayeongoza akiuliza nani ana jambo la uhai, wengine wote wananyamaza. Nikataja alama yangu ya mwito (herufi na namba zinazonitambulisha hewani), mahali nilipo, shida yenyewe, saa zilizobaki. Akarudia neno kwa neno, akaniuliza ukubwa wa mtungi, akaniambia nisiondoke kilimani. Mikono ilikuwa inatetemeka, nakiri. Baada ya saa tatu hivi zimamoto wa kujitolea walifika kwa pikipiki ya magurudumu manne, mitungi miwili imefungwa kamba nyuma.

Sasa kifaa chenyewe. Sauti inasikika safi, na kina tochi iliyotusaidia sana usiku. Ukisikiliza tu bila kuongea sana, betri inamaliza siku. Ila kuchaji ni tatizo kubwa: kitako chake kinataka umeme wa ukutani, na umeme wa ukutani ndio unaokosekana kwenye maafa. Siku ya pili niliponea betri ya akiba. Baadaye nikanunua waya wa kuchajia kwa USB, ambao kwa maoni yangu ungepaswa kuwemo ndani ya boksi. Antena fupi inayokuja nayo ni dhaifu; ile ndefu ya dola 15 ilibadilisha mambo kabisa. Na kitabu cha maelekezo hakisomeki, menyu zake ni nyingi na majina ya ajabu ajabu. Ingiza masafa ya eneo lako mapema, jua likiwaka na akili imetulia. Watu kadhaa mtaani kwetu walikuwa na redio kama yangu. Lakini wao waliishia kusikiliza tu, kwa sababu hawakujua kuipanga irushe kwenye 144.590.

Simu ilishika siku ya nne. Mama yangu Arusha akapokea kabla haijalia vizuri: "Mwanangu, siku nne! Tulishaweka maombi kanisani."

Kwa walioko nyumbani: usinunue kabla ya kufuata leseni kwenye mamlaka ya mawasiliano, TCRA kwa Tanzania na CA kwa Kenya. Alama za mwito za redio za ridhaa za kwetu Tanzania huanza na 5H, za Kenya 5Z. Tope la mlima Hanang lilipoifunika Katesh tarehe 3 Desemba 2023 nilikuwa huku nikitazama picha kwenye simu, na tangu Helene nimekuwa nikiwaza ripita moja tu juu ya mlima ule, na vijana kumi wenye leseni chini yake.

Mume wa mama jirani aliniuliza anunue ipi. Nikamwambia hii hii, pamoja na betri ya pili, antena ndefu na ule waya, ila mtihani kwanza. Alifaulu Februari. Jumatatu usiku tukiitikia zamu ya mazoezi, alama yake inasomwa mara baada ya yangu.